Kansa ya Mifupa Inayojirudia Katika Ukoo: Maswali ya Familia za Mbeya, Iringa na Njombe

Maswali haya yanatoka kwa familia za Nyanda za Juu Kusini zilizopoteza watu, au zinazouguza watu, kwa kansa iliyoanzia kwenye mfupa, na sasa zinajiuliza kama ugonjwa unatembea ndani ya damu yao. Mengi nimeulizwa ana kwa ana katika kazi yangu ya unasihi, kwenye mabenchi ya kliniki, na mara nyingine msibani. Pale ambapo watu hukwama nimejibu kwa urefu. Kama una haraka, anza na swali linalohusu habari za marehemu. Ndilo ninalolijali kuliko yote.

Kansa ya mifupa ni ya kurithi?

Mara nyingi siyo. Wengi wanaopata kansa iliyoanzia kwenye mfupa ni wa kwanza katika ukoo wao na hakuna mwingine anayefuata. Vinasaba vya seli moja ya mfupa huharibika wakati seli inagawanyika, na uharibifu huo unaishia kwenye uvimbe wenyewe. Haumo kwenye mbegu ya baba wala kwenye yai la mama, hivyo mtoto hawezi kuupokea. Sakoma ni kansa inayoanzia kwenye mfupa, misuli au nyama nyingine zinazoshikilia mwili. Sakoma ya Ewing, inayowapata zaidi watoto na vijana, ni mfano mmojawapo: vipande vya kromosomu mbili (nyuzi zinazobeba vinasaba) hubadilishana nafasi ndani ya seli, na mzazi hana mchango wowote katika hilo.

Lakini zipo familia, chache kwelikweli, ambamo kasoro iko katika kila seli ya mwili tangu siku ya kutungwa mimba. Hizo ndizo zinazotafutwa na watafiti, na ndizo zinazohitaji kujijua mapema.

Marehemu baba aliambiwa ana kansa ya mfupa wa mgongo. Baba mkubwa naye alikufa kwa mgongo. Si tayari ni ya ukoo?

Subirini kwanza. Hapa ndipo familia nyingi hupotea njia, na ningependa mlisome jibu hili taratibu.

Mzee wa miaka 70 anapoambiwa ana kansa kwenye uti wa mgongo, mara nyingi sana kansa hiyo ilianzia kwenye tezi dume kisha ikasambaa hadi mifupani. Kwa mama mtu mzima, mara nyingi ilianzia kwenye titi. Ipo pia mailoma, kansa ya chembechembe za damu zinazokaa ndani ya uboho, ambayo hutoboa mifupa hadi inavunjika kwa kujigeuza tu kitandani. Zote hizi zikifika nyumbani huitwa "kansa ya mfupa", na baada ya miaka kumi hakuna anayekumbuka ilianzia wapi. Kwa anayechunguza urithi, kansa iliyoanzia mfupani na kansa iliyohamia mfupani ni magonjwa mawili tofauti.

Halafu kuna TB ya uti wa mgongo. Mgongo unaouma kwa miezi, ukapinda kibyongo, miguu ikafa ganzi, mwili ukakonda: hiyo inaweza kabisa kuwa TB, na TB inatibika kwa vidonge. Baba mkubwa aliyekufa "kwa mgongo" mwaka 1988 huenda hakuwa na kansa ya aina yoyote.

Vilevile, kansa nyingi katika ukoo mmoja hazina maana kwamba kuna jeni moja nyuma yake. Bibi aliyekufa kwa kansa ya shingo ya kizazi aliipata kwa kirusi cha HPV. Mjomba mwenye kansa ya ini huenda alikuwa na homa ya ini B. Kansa ya Kaposi inaletwa na kirusi chake, na hupata nafasi pale UKIMWI unapodhoofisha kinga. Ukizipanga kansa hizo tatu kwenye mstari mmoja utaona mkosi wa familia, wakati ukweli ni maambukizi matatu tofauti.

Kwa hiyo swali la kwanza kwenye karatasi za hospitali ni moja: ilianzia wapi? Na jibu linaloaminika ni lile la maabara ya patholojia, baada ya daktari kuchukua kinyama na kukipima.

Basi ni mambo gani yanayoonyesha kweli kuwa huenda ni ya kurithi?

Ndugu wawili wa damu wenye kansa moja adimu ya mfupa. Mtu mmoja aliyepata kansa mbili au tatu tofauti katika maisha yake. Mtoto aliyeugua retinoblastoma, kansa ya jicho, hasa macho yote mawili, kisha akiwa kijana akapata kansa ya mfupa. Sakoma kwa mtu aliye chini ya miaka 45, huku mama au dada yake akiwa na kansa ya titi katika umri mdogo, au kuna mtoto katika familia aliyekufa kwa uvimbe wa ubongo au wa tezi iliyo juu ya figo. Watoto wenye vinundu vigumu vya mfupa karibu na magoti, viwiko na mabega, na mzazi mmoja naye anavyo.

Umri ndio unaonishtua kuliko idadi. Wazee wanne wenye kansa katika miaka ya 70 hawanitii wasiwasi kama vijana wawili wa tumbo moja.

Ni kansa zipi za mifupa zenye njia ya urithi inayojulikana?

Osteosakoma ndiyo inayoonekana zaidi kwa vijana, hasa karibu na goti wakati wa kurefuka. Wagonjwa wengi wa osteosakoma hawakurithi chochote, ila wachache wana kasoro kwenye jeni ya TP53 au RB1. Kondrosakoma, kansa ya gegedu, huweza kutokea kwa watu wenye vinundu vingi vya mifupa vinavyosababishwa na jeni za EXT1 na EXT2. Wengi wenye vinundu hivyo hawapati kansa kamwe. Kinachotakiwa kuangaliwa ni kinundu kinachoanza kukua au kuuma wakati mtu ameshaacha kurefuka. Na kuna kodoma, ambayo ni adimu kuliko hizo, na ambayo historia yake inaeleza vizuri jinsi utafiti wa urithi unavyokwenda.

Kodoma ni nini?

Mtoto akiwa tumboni, katika wiki za mwanzo kabisa, kuna ufito laini unaotangulia uti wa mgongo na kuuelekeza ukae wapi. Unaitwa notokodi. Uti ukishajengeka, ufito huo hutoweka, lakini chembe zake chache hubaki ndani ya mifupa, kuanzia sehemu ya chini ya fuvu hadi kwenye kifandugu. Kwa watu karibu wote chembe hizo hukaa kimya maisha yote. Zikigeuka kuwa kansa, hiyo ndiyo kodoma.

Inampata takriban mtu 1 katika kila watu milioni 1 kwa mwaka. Hukua polepole, kwa hiyo mtu anaweza kuzunguka miaka akipewa dawa za maumivu. Ikiwa kwenye nyonga kwa nyuma, anaumia akikaa, anapata choo kwa shida, mkojo unamsumbua. Ikiwa chini ya fuvu, kichwa kinauma na anaona vitu viwili viwili. Kwa mkulima wa viazi wa Umalila au mchumaji chai wa Mufindi, mgongo kuuma ni sehemu ya kazi, na ndiyo maana ugonjwa wa namna hii unajificha kirahisi.

Jeni yake iligunduliwaje?

Watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani walianza kutafuta familia ambamo kodoma imewapata ndugu wa damu wawili au zaidi. Kwa ugonjwa wa mtu 1 katika milioni, kupata ndugu wawili wenye kodoma si jambo la bahati nasibu. Walichukua damu kwa wagonjwa na kwa wazima wa familia hizo, wakatafuta ni sehemu gani ya vinasaba wagonjwa wanayo kwa pamoja na wazima hawana.

Mwaka 2001 dalili zilielekeza kwenye kromosomu ya 7. Ziliwapeleka pasipo. Familia zaidi zilipojitokeza na vipimo vikaboreshwa, mwaka 2009 walichapisha jibu jingine: katika familia 4, kipande cha kromosomu ya 6 kilikuwa kimejirudia. Kwa kawaida kila mtu ana nakala mbili za jeni, moja ya baba na moja ya mama. Wagonjwa hawa walikuwa na nakala ya ziada ya jeni iitwayo TBXT, na hiyo ndiyo inayoiamuru notokodi ijijenge. Jeni hiyo ilianza kufahamika mwaka 1927, pale mwanasayansi Nadezhda Dobrovolskaya-Zavadskaya alipoeleza panya waliozaliwa na mkia mfupi. Imechukua zaidi ya miaka 80 kutoka mkia wa panya hadi mgonjwa wa kodoma, na nawaheshimu sana wote waliovumilia safari hiyo, zikiwemo familia zilizotoa damu huku zikizika.

Si kila familia yenye kodoma ilikutwa na nakala hiyo ya ziada. Wengine wana njia nyingine, na utafiti haujaisha.

Kodoma inawapata na Waafrika?

Inawapata, ingawa takwimu za Marekani zinaonyesha kuwa Wamarekani weusi huugua mara chache kuliko weupe. Usiitumie takwimu hiyo kujitibu. Daktari akiona uvimbe kwenye mfupa wa nyonga kwa nyuma hasemi "huyu ni Mnyakyusa, haiwezi kuwa." Anachukua picha, anachukua kinyama.

Nikiwa na jeni yenye kasoro, lazima niugue?

Hapana. Katika familia hizo za kodoma wamo watu wenye nakala ya ziada ambao hawakuugua. Na mwaka 2012 watafiti wa London walionyesha kuwa tofauti ndogo sana ndani ya TBXT, ya herufi moja tu ya vinasaba, imo kwa wagonjwa wengi mno wa kodoma. Lakini tofauti hiyohiyo imo pia kwa mamilioni ya watu wenye afya njema. Kwa TP53 hatari ni kubwa zaidi, na wengi wenye kasoro hiyo hupata kansa ya aina fulani maishani, wanawake kuliko wanaume. Kwa hiyo "una jeni" haina uzito mmoja. Uliza ni jeni ipi, kasoro ipi, na hatari yake ni kiasi gani kwa umri wako.

Kwa nini kaka zangu wawili waliugua na mimi sikuguswa? Na je, itaruka hadi kwa wajukuu?

Kasoro nyingi za aina hii zinahitaji mzazi mmoja tu kuwa nazo. Hapo ni tofauti na selimundu, ambayo mtoto huugua pale tu anapopokea kutoka kwa baba na kwa mama. Mzazi mwenye kasoro ya TP53, kwa mfano, humpa kila mtoto nafasi ya nusu kwa nusu. Ni kama kurusha sarafu, na kila mtoto ana mrusho wake: sarafu haikumbuki ilivyoanguka mara iliyopita. Nimeona familia zikisema, "Wawili wameshaugua, wawili waliobaki wamepona." Haiendi hivyo. Wanaweza kuupata wote wanne, au asiupate yeyote.

Kama wewe hukuipokea kasoro hiyo, huwezi kuwapa watoto wako. Kinachoonekana kama "kuruka" ni pale mtu aliyeipokea anapokaa salama hadi uzeeni, kisha mtoto wake akaugua. Alikuwa nayo muda wote, haikumdhuru.

Na tafadhali msisahau upande wa mama. Ukoo tunauhesabu kwa baba, makaburi yapo kwa baba, shamba ni la baba, na mtu akiulizwa historia ya familia anaanza na babu mzaa baba na kuishia hapo. Vinasaba nusu vimetoka kwa mama. Wajomba na mama wadogo waandikwe wote.

Wazee wanasema tumerogwa, wengine wanasema ni laana.

Nawaelewa. Ukizika vijana wawili wa nyumba moja, akili inatafuta mkono uliofanya hivyo. Sitaki kubishana na imani ya mtu kwenye msiba wake. Nataka kusema jambo moja tu, na nalisema kwa uchungu: katika mikoa yetu, wanaonyooshewa kidole huwa ni mama wazee, wajane, shangazi anayeishi peke yake. Wengine wamefukuzwa nyumbani na wengine wameuawa. Kama kuna kasoro ya jeni katika familia, haikuletwa na mtu yeyote. Hata mzazi aliyeipitisha hakuichagua, na pengine hakujua kama anayo.

Kuomba, kuombewa, kuita wazee wa kanisa, hayo yote yanaweza kwenda sambamba na hospitali. Kisichofaa ni kumchelewesha mtoto mwenye uvimbe wa goti akichanjwa chale au akikandwa kwa maji ya moto na kuchuliwa. Osteosakoma husambaa hadi kwenye mapafu, na miezi miwili ya kusubiri inaweza kuwa tofauti kati ya kubaki na mguu na kuupoteza, au kubaki na uhai wenyewe.

Mbona mnatusumbua na habari za marehemu? Si wana mashine za kusoma jeni?

Mashine inasoma mamilioni ya tofauti kwa mtu mmoja, na nyingi hazina madhara. Kinachosema ni tofauti ipi ina maana ni familia: nani aliugua, nani hakuugua, nani amezaa nani.

Mwaka 1969 madaktari wawili wa Marekani, Frederick Li na Joseph Fraumeni, walipitia mafaili na vyeti vya vifo vya watoto 648 waliougua sakoma ya misuli. Hawakuwa na mashine ya jeni. Walikuwa wanatafuta ndugu aliyeugua naye. Wakapata familia 4 zilizojaa sakoma na kansa za titi za mapema. Jeni yenyewe, TP53, ilikuja kutambuliwa kuwa chanzo mwaka 1990, miaka 21 baadaye. Vivyo hivyo Alfred Knudson, mwaka 1971, alichukua kumbukumbu za wagonjwa 48 wa retinoblastoma na kwa hesabu tu akaonyesha kuwa kansa hiyo inahitaji mapigo mawili kwenye jeni, na kwamba mtoto aliyerithi amezaliwa na pigo la kwanza tayari. Jeni ya RB1 ilipatikana mwaka 1986. Karatasi zilitangulia maabara.

Hii ndiyo sababu ninasisitiza daftari la familia. Chukueni daftari la shule la kawaida. Kila mtu aandikwe kwa jina, mwaka aliozaliwa, wazazi wake wawili, aliugua nini, akiwa na umri gani, alitibiwa wapi, na kama amefariki, mwaka gani. Wazima waandikwe pia. Mtu wa miaka 80 asiyeugua ni habari muhimu kama mgonjwa. Msiandike "ndugu" peke yake. Baba mdogo anaweza kuwa mdogo wake baba wa tumbo moja, au mtoto wa babu mdogo, au mwanaukoo tu aliyelelewa hapo nyumbani. Kwa watoto wa mitala, mama wa kila mtoto aonekane. Mtoto aliyezaliwa nje, kama anajulikana, awekwe mahali pake bila maneno.

Katika mikoa yetu pengo kubwa liko miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000. Njombe, Iringa na Mbeya ni kati ya mikoa iliyoumizwa zaidi na UKIMWI nchini. Watu walikufa vijana, familia zikafunika sababu kwa maneno kama "aliugua muda mrefu" au "kifua". Ndani ya vifo hivyo vya vijana wamo waliokufa kwa kansa na wakahesabiwa kimyakimya kuwa wamekufa kwa UKIMWI. Na wamo waliokufa kwa UKIMWI ambao leo familia inasema ilikuwa kansa, kwa sababu ndilo neno linalosemeka. Ukimuuliza bibi habari za miaka ile unagusa kidonda. Usimuulize mbele za watu. Kaa naye jikoni, uliza dalili badala ya jina la ugonjwa: alivimba wapi? Mguu ulikatwa? Jicho lilikuwa na weupe kama la paka usiku alipokuwa mdogo? Alipelekwa hospitali gani? Bibi asiyejua neno osteosakoma anakumbuka vizuri kabisa kwamba goti la mwanawe lilivimba msimu wa kupanda mahindi na halikushuka tena.

Karatasi zenyewe mara nyingi zipo. Ziko chini ya godoro, kwenye sanduku la bati, ndani ya Biblia. Fomu za rufaa, kadi za kliniki, picha za eksirei, majibu ya kinyama. Kwa waliofia nyumbani kijijini mara nyingi kuna kibali cha mazishi tu, na cheti cha kifo cha RITA hakikufuatiliwa. Pigeni picha kila karatasi kwa simu na ziwekwe kwa watu wawili tofauti. Watu wanapokutana kwa Krismasi au kumaliza msiba ndipo daftari hujaa haraka, maana mmoja akikosea mwaka mwingine anamrekebisha.

Dalili zipi tusizipuuze?

Maumivu ya mfupa yanayomwamsha mtu usiku. Uvimbe mgumu unaokua. Mfupa unaovunjika bila kuanguka kwa maana. Mgongo unaoambatana na ganzi katikati ya mapaja, au kushindwa kuzuia mkojo na choo. Huyo apelekwe siku hiyohiyo. Kwa mtoto mdogo, weupe ndani ya mboni ya jicho.

Tukishuku, twende wapi?

Anzieni kituo cha afya au hospitali ya wilaya mpate picha ya eksirei na barua ya rufaa. Barua hiyo hurahisisha sana mambo ya bima. Kwa ukanda wetu rufaa huelekea Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na kutoka hapo Dar es Salaam: Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, kwa upasuaji wa mifupa, na Taasisi ya Saratani Ocean Road kwa mionzi na dawa za kansa.

Kitu kimoja ambacho familia haiambiwi mara nyingi: uvimbe wa mfupa usichokonolewe na kila mtu. Pale sindano au kisu cha kuchukua kinyama kinapopita, chembe za kansa zinaweza kubaki njiani, na mpasuaji wa mwisho atalazimika kukata njia hiyo yote. Inafaa kinyama kichukuliwe na timu itakayofanya upasuaji mkubwa, au kwa kushauriana nayo. Mnayo haki ya kuuliza.

Kwa nini daktari wa mionzi aambiwe habari za ndugu zangu?

Kwa sababu kwa baadhi ya watu mionzi yenyewe ni hatari ya ziada. Mtu aliyerithi kasoro ya TP53, au aliyewahi kuwa na retinoblastoma ya kurithi, ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata sakoma mpya ndani ya eneo lililopigwa mionzi, miaka kadhaa baadaye. Madaktari wanaojua hilo hutafuta njia nyingine kama ipo. Wakati mwingine mionzi bado ndiyo bora, na uamuzi ni wao pamoja nanyi. Ila wauamue wakiwa na daftari mezani. Msisubiri muulizwe. Semeni.

Kipimo cha jeni kinafanywaje, na kina faida gani kama hakuna dawa ya kuondoa jeni?

Ni damu ya kawaida, au mate. Si kipimo cha hospitali ya wilaya. Hupatikana kwa rufaa ya mtaalamu au kupitia utafiti. Anayeanza kupimwa ni yule aliyeugua, kwa sababu kasoro ikipatikana kwake, ndugu wengine wanapimwa hiyo moja tu na jibu linakuwa wazi. Ukipima mzima kwanza na usione kitu, hujui kama yeye amepona kuirithi au kama hamjaijua kasoro ya familia.

Faida ni kuangaliwa mapema. Wenye kasoro ya TP53 huko kwenye vituo vikubwa huchunguzwa mwili mzima kwa MRI, mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, kila mwaka, na wanawake huanza kuchunguzwa matiti wakiwa vijana. Kwa familia ya kodoma ni MRI ya uti wa mgongo na sehemu ya chini ya fuvu. Najua MRI ya kila mwaka ni mlima kwa mtu wa Makete au Ludewa. Hata bila hiyo, kijana anayejua kuwa yumo kwenye hatari hasubiri miezi sita goti likiuma, na daktari anayeonyeshwa daftari haandiki dawa ya maumivu na kumrudisha nyumbani. Na yule anayekutwa hana kasoro anapumzika, yeye na watoto wake.

Kutopima nako ni uamuzi halali. Mtu mzima asilazimishwe na kaka mkubwa, na asilazimishwe na mchungaji.

Watafiti wakija kuomba damu yetu, tuangalie nini?

Mbeya si wageni wa utafiti. Kituo cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kipo mjini na watu wengi wamewahi kushiriki tafiti za VVU na TB. Kwa hiyo mnajua kuwa fomu ya ridhaa inasomwa kabla ya kutiwa saini, kwa Kiswahili, na nakala mnabaki nayo. Utafiti halali wa afya una kibali cha kamati ya maadili, na watafiti wa kutoka nje huhitaji pia kibali cha COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Ombeni kukiona.

Kwa utafiti wa jeni kuna maswali ya ziada. Sampuli itakaa wapi na kwa muda gani? Ikipelekwa nje ya nchi, ni kwa makubaliano gani? Itatumika kwa magonjwa mengine? Tutarudishiwa majibu, au mtayatumia nyinyi tu? Hili la mwisho liulizwe waziwazi, maana tafiti nyingi hazirudishi jibu la mtu mmoja mmoja, na familia hukaa ikingoja simu ambayo haikuahidiwa. Tanzania ina sheria ya mwaka 2009 ya kusimamia vinasaba vya binadamu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za vinasaba kati ya taarifa nyeti. Unaweza kujitoa wakati wowote, na matibabu yako hayatakiwi kuguswa.

Nimwambie mchumba wangu?

Ndiyo, kabla ya mahari kupelekwa, na umwambie wewe mwenyewe kabla hajasikia kwa jirani. Mwende wote kwa mnasihi au daktari. Nimeona ndoa zikisimama imara baada ya mazungumzo hayo. Watoto waambiwe kadiri ya umri wao; mwenye miaka saba anahitaji kujua tu kwamba goti likimuuma amwambie mama.

Inaambukiza?

Hapana. Kula naye, lala naye, mbebe.

Mgonjwa wetu alishafariki. Bado kuna la kufanya?

Lipo. Ili kupima kinyama, maabara ya patholojia hukigandisha ndani ya nta, na kipande kinachobaki huweza kuhifadhiwa kwa miaka mingi. Kwenye karatasi ya majibu kuna namba ya maabara. Hiyo ndiyo itakayokitafuta. Ndugu wa karibu, akiwa na kitambulisho chake, cheti cha kifo na barua ya serikali ya mtaa au kijiji, aende ofisi ya kumbukumbu ya hospitali alikotibiwa marehemu na aombe mambo mawili: nakala ya majibu ya patholojia, na kujua kama kipande bado kipo. Nakala iende kwenye daftari. Na kama kuna aliye hai katika familia mwenye uvimbe au aliyewahi kutibiwa kansa, huyo ndiye atangulie kliniki, na daftari aende nalo.